Robo ya Buluu

Kizimba tumekitundika ukuta wa nyuma, hapa Pasua,
upande usiofikiwa na jua la saa nane,
kwa ajili ya ndege, na kwa ajili ya kaka yangu.
Elirehema havui kofia hata barazani.
Kalamu sikioni, daftari gotini:
Dume, kijani, pua ya buluu.
Jike, kijani, pua ya kahawia.
Mayai matano. Vifaranga wanne.
Mmoja buluu.

Mama Anzameni alikuja kuomba chumvi.
Akamkodolea macho yule wa buluu,
manyoya yake ndiyo kwanza yanachomoza
kama ncha za kalamu zilizochovywa wino.
"Kijani kwa kijani! Huyu katoka wapi?
Au kuna dume lilipita usiku?"
Akacheka peke yake.

Swali hilo tunalifahamu.
Liliulizwa wodini, mwaka vita vya Kagera vilipokwisha,
mashangazi wawili mlangoni,
mama amemfunika mtoto hadi utosini,
nami, wa miaka saba, nimeshika chupa ya chai.
Katoka wapi?
Siku tisa baba hakuonekana nyumbani.
Ya kumi alikuja na mkungu wa ndizi,
akautua, akaomba maji ya kunawa.

Elirehema alichota mtama kwenye kopo,
akachagua punje nne,
nyekundu na nyeupe kwa baba,
nyekundu na nyeupe kwa mama.
"Nyekundu ikiwepo, nyeupe huioni.
Lakini ipo. Kila mzazi anatoa moja,
anatoa amefumba macho.
Mara moja katika nne,
nyeupe inakutana na nyeupe.
Hakuna aliyepita usiku, Mama Anzameni.
Wote wawili walikuja nayo."

Mama Anzameni alitazama punje,
kisha kiganja kilichozishika,
kisha sakafu.
Chumvi akaisahau.

Mteja wa Njiro alishatuma nusu ya hela.
Anataka wa buluu sita kabla ya Krismasi.
"Warudishieni kiota wale wale, si ndio wanaotoa?"
Jike alikwisha kutotoa mara mbili mfululizo.
Tukarudisha.
Nasema tukarudisha; mimi ndiye niliyepigilia msumari.

Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati,
nikamkuta chini ya kizimba, amejivimbisha,
mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.
Yai limekwama.
Mizani ya jikoni: gramu thelathini na moja.
Dokta Kwayu yuko Machame kwa ng'ombe aliyejaa gesi,
sauti yake inakatika:
"Joto... ile dawa ya kalisi, tone moja...
msimminye, likipasukia ndani basi.
Kukicha bado, mleteni. Siahidi."

Mimi ni mshonaji, vidole vyangu vinajua kutoa kitu
bila kuchana kitambaa.
Nilitaka kujaribu.
Elirehema alinishika kifundo cha mkono, hakusema.
Chupa ya maji moto ndani ya soksi.
Boksi la viatu. Taulo. Sufuria ikitoa mvuke.
Tukakaa kama watu waliofiwa kabla ya wakati.

Saa kumi alfajiri likatoka,
laini, halina ganda,
kama ngozi ya maziwa.
Amechota mifupani hadi pakaisha.

Asubuhi kaka aliking'oa kiota,
akamhamisha dume kizimba cha pili,
akamrudishia mteja hela yake, pamoja na ya kutolea.
Jibu likaja: Ni ndege tu.
Alilisoma mara mbili, akafungua daftari:
Jike, kijani. Asizalishwe tena.

Jumapili Mama Anzameni alirudi.
Safari hii hakuomba kitu,
alisimama mbele ya kizimba,
mkononi ana fungu la mchicha.
"Huyu wa buluu," akauliza, "anakula nini?"

"Uwele," alisema Elirehema, akimsogezea kigoda.
"Na huo mchicha, ukiuosha."